Kiungulia Kisichokoma: Ya Kuuliza Kabla Hujakubali Kisu

Mhadhara kwa wananchi, Upanga, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wengine, habari za jioni. Najua mmepambana na foleni kufika hapa, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Alikuja kwangu dereva wa daladala, njia ya Mbagala. Kabla hajakaa akatoa mfukoni vidonge vya magnesiamu vilivyofungwa kwenye karatasi, vya kutafuna, nusu vimeshaliwa. Miaka sita alikuwa analala ameegemea mito mitatu. Akijilaza tu, maji machungu yanapanda hadi kooni na anaamka akikohoa. Mtaani walishamwambia ana vidonda vya tumbo. Alishakunywa dozi ya bakteria wa vidonda mara mbili, muarobaini na maziwa baridi. Tulipomwangalia kwa kamera, tumboni hapakuwa na kidonda hata kimoja. Michubuko ilikuwa juu zaidi, kwenye umio, lile bomba linaloshusha chakula.

Ndugu zangu, hapa mjini kila kinachochoma kati ya kitovu na koo tunakiita vidonda vya tumbo. Jina hilo limewapotezea watu miaka. Kidonda ni jeraha kwenye ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo. Kiungulia sugu ni asidi kupanda mahali ambapo haikutakiwa kufika. Chini ya umio pana msuli wa mviringo unaofumba kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Ukimeza unaachia, kisha unafumba tena. Ukilegea, au lile tundu la kupitishia umio kwenye kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, likapanuka hadi tumbo likachungulia kifuani, mlango unabaki wazi. Tumbo lina ute wa kulikinga na asidi yake lenyewe. Umio hauna kinga ya namna hiyo.

Omeprazoli na ndugu zake hupunguza asidi, lakini mlango hawaufungi. Kwa wagonjwa wengi hilo linatosha kabisa, na mimi ninayeshika kisu nalisema waziwazi: wengi waliokaa humu hawahitaji kupasuliwa.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Marekani ambao naupenda sana, kwa sababu ulianza kwa kuchuja. Waliletwa wagonjwa 366 waliosemekana kiungulia chao hakisikii dawa. Kwanza wakaelekezwa kumeza omeprazoli ipasavyo kwa wiki mbili. Watu 42 wakapata nafuu hapohapo! Wengine 99, walipopimwa vizuri, umio wao ulikuwa mzima na asidi haikuwa inapanda kupita kiasi; mishipa yao ya fahamu tu ilikuwa inahisi moto usiokuwepo. Hao ukiwapasua umewaonea. Baada ya kuwatoa na wengine kwa sababu mbalimbali, walibaki 78 tu. Kati ya hao, asilimia 67 ya waliofanyiwa upasuaji walipata nafuu, na kwa walioongezewa dawa nyingine ni asilimia 28. Yaani kwa mtu sahihi upasuaji unashinda kwa mbali, ila kazi yote iko kwenye kumpata huyo mtu sahihi.

Na kumeza ipasavyo ni nini? Ni dakika 30 hivi kabla ya kula, kila siku. Wengi mnameza usiku baada ya kushiba wali na maharage, mkisubiri miujiza.

Upasuaji wenyewe una historia yake. Mwaka 1936, daktari Mjerumani Rudolf Nissen, akiwa Istanbul, alimpasua kijana mwenye kidonda chini ya umio. Ili mshono usivuje, akauzungushia sehemu ya juu ya tumbo. Miaka mingi baadaye akabaini kwamba kiungulia cha mgonjwa yule kilikuwa kimekwisha. Mwaka 1956 akauandika kama tiba. Wakati huo tumbo lilifunguliwa kwa mkato mrefu. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne na wenzake wa Ubelgiji wakatangaza kuufanya kwa matundu madogo.

Niwaingize chumba cha upasuaji. Mgonjwa amelala kwa dawa ya usingizi. Tunatoboa matundu matano hivi, kubwa lao kama upana wa kidole, na tunajaza hewa ya kaboni dioksidi ili tumbo liumuke tupate nafasi. Kamera tunaichovya kwenye maji ya moto kwanza, la sivyo kioo kinapata ukungu. Tunanyanyua ini, tunafika kwenye kiwambo. Hapo juu, nyuma ya msuli mwembamba, unauona moyo unadunda. Sindano yako iko karibu nao, na mkono hauna ruhusa ya haraka. Tunalirudisha tumbo lililopanda, tunashona tundu lililopanuka, kisha tunaupitisha mfuko wa juu wa tumbo nyuma ya umio na kuuzungusha kama kola ya shati, upana wa sentimita mbili. Nissen aliuzungusha wote. Siku hizi wengi wetu huacha nafasi mbele, kwa sababu kola ikibana sana, chakula kinakwama.

Hili la kukwama sitalipita haraka. Wiki za kwanza karibu kila mtu anameza kwa shida, maana ndani kumevimba. Ni uji, mtori uliosagwa, supu iliyochujwa. Mkate, chapati, nyama choma na soda vinasubiri. Dereva wangu, siku ya tisa baada ya kupasuliwa, aliona harufu ya ugali inamshinda, akameza tonge. Likakaa kifuani saa mbili, mkewe akanipigia simu analia. Lilishuka lenyewe, lakini siku ile hawaisahau. Wengine hushindwa kucheua kwa miezi, tumbo linajaa gesi, upepo unatokea chini kwa wingi. Wengine hawawezi kutapika tena. Na kiungulia kinaweza kurudi: Sweden walifuatilia wagonjwa 2,655 wa upasuaji huu, na asilimia 17.7 walirudia dawa za muda mrefu au kupasuliwa tena. Daktari asiyekuambia haya kabla ya kukupa fomu ya kusaini, mwulize mpaka aseme.

Mwulize pia vipimo. Kamera peke yake haitoshi. Pana waya mwembamba unaopitishwa puani kupima asidi kwa saa 24, na pana kipimo cha nguvu za misuli ya umio. Hicho cha pili ni lazima, kwa kuwa yupo mgonjwa ambaye umio wake hausukumi chakula kabisa, naye hulalamika kiungulia vilevile. Ukimvisha kola huyo, umemfungia mlango wa chakula.

Na tafadhali, kama chakula kinakwama kabla hujaguswa na kisu, unakonda, au choo ni cheusi kama lami, usimeze kidonge kingine. Saratani ya umio ipo sana Afrika Mashariki, nayo mwanzoni watu huidhania kiungulia. Fika hospitali wiki hii.

Nimekuja na taa ya kusomea. Waliobeba bahasha za majibu yao, sogeeni meza hii ya mbele, wazee kwanza, tuyaangalie mmoja mmoja.