Kiti Kitupu Kwanza: Kamera ya Video, Kompyuta na Picha za Aura

Ndugu zangu, kaeni tuanze. Habari za waya, matundu na programu nitazifikia, najua ndizo zilizowaleta wengi wenu. Lakini kuna jambo ambalo kila nikisimama mbele ya watu wa picha za aura, yaani picha zinazodaiwa kuonyesha mng'ao wa nishati unaomzunguka mtu, nalisema, na leo nalisema tena kwa sababu bado naletewa picha zilezile. Kabla hujamkalisha mtu mbele ya kamera, piga picha ya kiti kitupu. Ukuta uleule, taa zilezile, programu ileile, hakuna mtu. Ihifadhi hiyo picha, halafu ndipo umwite mtu wako.

Mambo ya Kirlian, yule wa kupiga picha ya kitu kilichowekwa juu ya sahani yenye umeme, mnayafahamu, siyarudii. Tunayozungumza leo ni mbinu nyingine kabisa, ile ambayo Harry Oldfield wa Uingereza aliitangaza tangu miaka ya 1980: kamera ya video inamtazama mtu, kompyuta inapokea picha, programu inaipaka rangi. Sasa, inaipaka rangi kwa kigezo gani? Hapo ndipo watu wanaruka haraka. Kwa kompyuta, kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, ni namba ya mwangaza kuanzia 0, ambayo ni nyeusi, hadi 255, ambayo ni nyeupe. Viwango 256, basi. Chukua programu yenye rangi 16: kila rangi inabeba viwango 16. Pikseli yenye 127 inapakwa kijani, jirani yake mwenye 128 anapakwa njano. Kwenye picha ya kawaida huwezi kuona tofauti ya pikseli hizo mbili hata ukodoe macho. Kwenye skrini yenye rangi bandia unaona mpaka mkali, na mtu aliyekaa kitini anaambiwa kuna jambo kwenye bega lake la kushoto. Bega la kushoto liko upande wa dirisha!

Ndiyo maana nataka kiti kitupu. Ukipiga kiti kitupu utaona ukuta wenyewe una mikanda ya rangi: njano karibu na taa, kijani katikati, buluu pembeni. Mikanda hiyo ilikuwepo kabla mtu hajaingia, na itakuwepo akishatoka. Ukiwa na picha hiyo huwezi tena kumhesabia mtu rangi za ukuta wako.

Sasa niingie kwenye kinachoniudhi hasa. Kamera ikitoka kwenye boksi inajirekebisha yenyewe: mwangaza, gaini (yaani kukuza nguvu ya picha), uwiano wa weupe (kupanga rangi ili cheupe kionekane cheupe), fokasi, vyote. Kwa video ya harusi, safi. Kwa kazi yetu ni balaa. Mama mmoja aliniletea picha zake mbili alizopigwa, moja kabla ya tiba na nyingine baada. Ya kwanza, usoni na shingoni na kuzunguka kichwa pamejaa nyekundu na chungwa. Ya pili, kijani kimetulia. Alikuwa ameambiwa ile nyekundu ni mzigo aliokuwa nao na sasa umeondoka, na alikuja kuniuliza kama anaweza kuacha dawa zake za presha. Nikamwomba tuweke picha mbili mezani, tusimtazame yeye, tutazame pazia lililo nyuma yake. Picha ya kwanza pazia lina chungwa. Picha ya pili pazia lina kijani. Ukuta vivyo hivyo, na mguu wa meza unaoonekana pembeni vivyo hivyo. Pazia halikutibiwa na mtu yeyote, jamani. Kilichobadilika ni blauzi. Siku ya kwanza alivaa nyeusi. Kamera ikaona giza limejaa katikati ya picha, ikapandisha gaini, kila kitu kikang'aa zaidi, na kwenye programu ile king'aacho zaidi kinapakwa nyekundu. Siku ya pili alivaa nyeupe. Kamera ikashusha, kila kitu kikateremka hadi kijani. Mama yule nilimwambia arudi kwa daktari wake na dawa aendelee kunywa, na hilo nalisema kwa kila mmoja wenu humu: picha hii haimwachishi mtu dawa. Haitambui uvimbe, haitambui presha. Mwenye kumwambia mgonjwa vingine anacheza na maisha ya mtu.

Kamera inayojirekebisha ni mzani ambao mwenye duka anabadilisha mawe kila mteja anapofika. Halafu mnalinganisha kilo za mteja huyu na za yule!

Kwa hiyo, fungua dirisha la mipangilio ya kamera kwenye kompyuta, na pale penye alama ya kujirekebisha, ondoa alama. Mwangaza uweke kwa mkono. Gaini ishushe hadi chini kabisa, kama picha ni giza ongeza taa, usiongeze gaini. Uwiano wa weupe ufunge kwenye namba moja. Fokasi ifunge. Na ukali wa kingo, huo ushushe hadi sifuri, nisikilizeni vizuri hapa. Kamera nyingi zinanoa kingo za picha zenyewe. Zinavyofanya ni hivi: pale kitu cheusi kinapokutana na cheupe, zinachora mstari mwembamba mweupe zaidi upande mweupe, na mweusi zaidi upande mweusi. Kichwa chenye nywele nyeusi mbele ya ukuta mweupe kinapata ukingo unaong'aa unaokifuata kichwa pande zote, sikioni, shingoni, begani. Upake rangi bandia, na umeshapata aura iliyokamilika, ya kupendeza. Shusha ukali hadi sifuri uone inavyopungua mbele ya macho yako. Mtu yuleyule, amekaa palepale. Kama hamniamini, wekeni chupa nyeusi mahali pa mtu na chupa nayo itakuwa na aura.

Hapa kuna mtu ataniambia, lakini kamera inaona infraredi ambayo jicho halioni, kwa hiyo inaweza kuona ya mwili. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kihisi cha silikoni, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha, kinapokea mwanga hadi karibu nanomita 1100, na jicho letu linaishia kama 750. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera isiyo na kichujio kikali, bonyeza, utaona kitaa chake kinawaka. Lakini joto la mwili wa binadamu linatoka kwa wingi kwenye urefu wa wimbi wa maikromita 9 hivi, yaani nanomita 9,000 na kitu. Ni mbali mno na uwezo wa silikoni. Kamera ya joto ni chombo kingine kabisa, kihisi chake kingine, lenzi yake ya germaniamu kwa sababu kioo cha kawaida kinazuia miale hiyo. Ukitoa kichujio cha infraredi kwenye kamera yako ya USB, unachopata ni infraredi ya taa na ya jua ikiruka kutoka kwenye nguo. Ndiyo maana shati jeusi la kitambaa fulani linageuka jeupe ghafla. Si mwili unaotoa.

Mwingine atauliza, sasa wewe unakataa kwamba mwili unatoa mwanga? Sikatai hata kidogo, na hapa ndipo ninapowahurumia wanaotosheka na rangi za ukuta wakati ya kweli yanavutia kuliko hayo. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha picha za mwanga hafifu unaotoka kwenye mwili wa binadamu wenyewe, na wakaona unapanda na kushuka kwa saa za siku. Walitumia kamera iliyopozwa hadi nyuzi 120 chini ya sifuri, ndani ya chumba kisichopenya mwanga kabisa, kwa sababu mwanga huo ni hafifu mara 1,000 hivi kuliko unaoweza kuonwa na jicho. Kwa hiyo mtu anayewasha taa mbili kubwa na kamera ya mezani, halafu akasema anapiga mwanga huo, hapigi huo.

Na kuna hili la mwaka 2012, la watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani. Walichukua video ya kawaida ya uso wa mtu, kompyuta ikakuza mabadiliko madogo ya rangi kutoka fremu hadi fremu, na uso ukaonekana ukiiva na kupauka kwa kila pigo la moyo. Kamera ya kawaida! Damu ikijaa kwenye ngozi inameza mwanga wa kijani zaidi. Mabadiliko ni madogo, lakini yapo, na kompyuta inayapata. Hicho ni kitu cha mwili hasa, kilichonaswa kwa vifaa hivihivi mlivyobeba. Kinahitaji nini? Kamera isiyojirekebisha, taa zisizotikisika na mtu aliyetulia. Kama mipangilio imefungwa, unaweza. Kama haijafungwa, mapigo yanapotelea ndani ya kelele, yaani chengachenga za picha, za kamera inayohangaika.

Tena hewa ya joto inayopanda kuzunguka mwili. Ipo, inatuzunguka sote sasa hivi, na mbinu ya kuiona kwa vioo na lenzi August Toepler aliitengeneza mwaka 1864. Siku hizi unaweza kujaribu kwa kamera moja na ukuta wenye madoadoa madogo: piga madoa bila mtu, piga tena mtu akiwa mbele yake, kompyuta ipime madoa yamesogea kiasi gani. Mnaona kiti kitupu kinavyorudi? Bila picha ya kwanza huna cha kulinganisha. Hili lilistahili saa yake lenyewe, niliache.

Waya sasa, haraka, maana naona saa. Wenye kamera za zamani zenye tundu la njano: picha inapitia kadi ya kunasa video. Inafanya kazi, ila picha hiyo ina mistari iliyopishana kwa wakati, mtu akitikisika kingo zinakuwa kama meno ya kitana, na rangi zake ni hafifu. Kama kamera ina S-Video tumia hiyo. Kamera za kanda za DV, yaani video ya dijiti, tumieni waya wa FireWire, maana picha inafika kompyuta kama ilivyoandikwa kwenye kanda. Mkumbuke tu kwamba taarifa ya rangi kwenye DV imehifadhiwa kwa robo tu ya pikseli zote, kwa hiyo pimeni mwangaza, msipime rangi.

Kamera za USB 2.0: njia ina megabiti 480 kwa sekunde. Picha isiyobanwa, yaani isiyopunguzwa ukubwa wa data, ya pikseli 640 kwa 480, fremu 30 kwa sekunde, inakula kama megabiti 147, inapita. Ya 1920 kwa 1080 inahitaji karibu 1,000, haipiti, kwa hiyo kamera inaibana, na ikibana inaikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8. Viraba vile mnavyoviona kwenye rangi bandia na kuviita mafundo ya nishati ni hivyo. Chagua picha ndogo isiyobanwa, usichague kubwa iliyobanwa. Sijui niseme mara ngapi.

Taa: umeme wa hezi 50 unafanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde. Weka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, kwenye sekunde 1 kwa 50 au 1 kwa 100, mikanda inayopanda na kushuka kwenye skrini itakoma. Penye hezi 60 iwe 1 kwa 60 au 1 kwa 120. Kamera iwashe nusu saa kabla ya kazi, kwa sababu kihisi kikipata joto kelele zake zinabadilika. Na usichukue fremu moja; chukua 100 uzipatie wastani, kelele zinashuka mara 10.

Kamera mbili kwa wakati mmoja nilitaka kuzieleza, sitaweza. Kwa kifupi, msizichomeke kwenye tundu moja la kugawanya USB.

Sasa tuje mezani. Kila mmoja afungue kompyuta yake na atafute dirisha la mipangilio kabla ya kufungua programu ya rangi. Wenye FireWire waje kwanza, kadi iliyopo ni moja. Na hicho kiti mbele ya kamera asikikalie mtu kwa sasa.