Kitanda, Kunguni na Sensa: Kuvipima Vitabu vya Ushuhuda

Ndugu zangu, naanza na maji. Machi 3, 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola nchini Kenya, karibu na Mto Tana, wafungwa wa Mau Mau waligoma kuchimba mfereji. Wakapigwa virungu, 11 wakafa. Taarifa ya serikali ya kikoloni ikasema vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya mkokoteni. Isikilizeni vizuri sentensi hiyo. Haisemi maji yaliwaua. Inasema “baada ya”, basi, uongo unaumalizia wewe mwenyewe. Uchunguzi wa kimahakama ndio uliokuja kusema ni kipigo.

Nimeanza huko kwa sababu tukigusa tu vitabu vya ushuhuda, hakosi mtu wa kuuliza: mzee wa miaka themanini anakumbuka nini? Karatasi haizeeki. Ni kweli haizeeki, ila yaweza kuzaliwa mbovu.

Chukueni kitabu cha mwanahistoria Mmarekani Caroline Elkins kuhusu kambi hizo, Imperial Reckoning, cha mwaka 2005. Alikaa na wazee waliozipitia, akawasikiliza. Kikapata tuzo ya Pulitzer, na lawama juu yake: eti ameamini mno midomo. Kisha, mwaka 2011, kesi ya wazee hao dhidi ya serikali ya Uingereza ikiwa mahakamani London, ikafichuka kwamba maelfu ya majalada ya makoloni yalikuwa yamewekwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, mbali na macho ya watafiti. Kufunguliwa, yakasema mengi ambayo wazee walikwisha kuyasema. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9.

Kwa hiyo kitabu kizima ni sahihi? Hapana. Elkins aliandika kwamba Wakikuyu kati ya 130,000 na 300,000 hawajulikani walikopotelea. Idadi hiyo hakupewa na mzee yeyote. Aliikokotoa kutoka sensa za 1948 na 1962. Mwaka 2007 John Blacker, bingwa wa takwimu za watu, akazichambua sensa, akapata vifo vya ziada, yaani vilivyozidi vya kawaida, kama 50,000. Mnaona kichekesho? Palipolegea kitabuni ni kwenye karatasi, lakini waliotiliwa shaka ni wazee!

Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Aliyelala anawajua wake. Wa vitanda vya wenzake hajawahesabu, na si haki kumhukumu kwa hesabu ambayo hakuitoa.

Halafu kuna jambo katika hesabu ya Blacker ambalo hupitwa haraka: karibu nusu ya vifo hivyo ni vya watoto chini ya miaka kumi. Mtoto hakupelekwa Hola. Sensa itakwambia hayupo. Njaa ilivyoingia haikwambii. Hapo sina budi kumrudia mama aliyehamishwa kwa nguvu na wakoloni, akafungiwa na wanawe kijijini, mtaro wa vijiti vilivyochongoka umewazunguka, shamba liko ng’ambo na amri ya kutotoka imeshatolewa. Nikifungua kitabu cha namna hii, huyo ndiye ninayemtafuta kwanza.