Alama 12 za Bure: Tulipime Dodoso Kabla ya Kumpima Mfanyakazi

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu maafisa utumishi mliotoka viwandani, na vijana mliojibana kule karibu na mlango, habari za asubuhi.

Karatasi mliyopewa mlangoni ina maswali ya Kielezo cha Uwezo wa Kufanya Kazi. Kilitengenezwa Ufini miaka ya 1980 na Taasisi ya Afya Kazini ya nchi hiyo. Kina Juhani Ilmarinen na Kaija Tuomi walikuwa wakiwafuatilia tangu 1981 watumishi wa manispaa wanaozeekea kazini. Kina vipengele saba, alama kuanzia 7 hadi 49. Ukiwa chini ya 28 uwezo wako unahesabiwa dhaifu, ukifika 44 ni bora kabisa. Kinajazwa kwa dakika chache, na ndiyo maana kinatamanisha: mtu anakipakua leo, kesho kimeshafika kiwandani.

Mimi nasema tusubiri kidogo. Dodoso lenyewe nani amelipima hapa Mwanza?

Mchukueni mama anayekata minofu ya sangara, kibarua wa kulipwa kwa siku. Anasimama kutwa kwenye sakafu ya maji, mabuti miguuni, vidole vimekufa kwa barafu. Kipengele cha 3 kinamuuliza ana magonjwa mangapi. Karatasi ina safu mbili, moja ya maoni yake mwenyewe na nyingine ya yaliyothibitishwa na daktari, lakini inayohesabiwa ni ya daktari peke yake. Mkono unaomwamsha usiku kwa ganzi anauchua kwa mafuta nyumbani, hajaupeleka hospitali, si Sekou Toure wala Bugando. Basi hana ugonjwa: alama 7 kamili. Kipengele cha 5 kinauliza amekosa kazi siku ngapi kwa kuumwa ndani ya miezi 12. Hata moja, kwa kuwa asiyefika getini halipwi, na kuna wenzake wanaosubiri nafasi. Alama 5 kamili.

Hizo ni 12 kati ya 49, na amezipata kwa kukosa daktari na mkataba! Mhasibu wa ghorofani mwenye bima, aliyekutwa na presha na kisukari akapumzishwa wiki mbili, ataonekana mgonjwa kuliko yeye. Ukipeleka matokeo hayo kwa mwajiri, atakushukuru sana.

Najua wenzangu wa takwimu mmeshaandaa alfa ya Cronbach. Ni kipimo kizuri, cha tangu 1951, na tumezoea kutaka kifike 0.7. Ila alfa inatuambia tu kwamba majibu ya maswali ya dodoso yanakwenda pamoja. Yanaweza kwenda pamoja na yote yakawa yamepotoka. Tuiache hapo.

Kuna jambo la kurudia dodoso kwa watu walewale kuona kama majibu yanasimama. Desturi ya wengi ni wiki mbili. Sasa nendeni na desturi hiyo kwa akina mama wanaoanika dagaa mialoni. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, na waanikaji nao. Mwezi una siku 29 na nusu, kwa hiyo wiki mbili zinakutoa kwenye giza na kukutua kwenye mwezi mpevu. Mara ya kwanza umemkuta amevunjika mgongo, mara ya pili amelala wiki nzima. Majibu yakipishana utalilaumu dodoso bure. Ningerudi baada ya wiki nne, giza kwa giza.

Kazi ngumu kuliko zote ni kujua kama alama ndogo leo inatabiri mtu kushindwa kazi kesho. Wafini waliwafuatilia watu wao miaka 11, hadi 1992, na walioacha kazi kwa ulemavu walionekana kwenye kumbukumbu za pensheni. Kibarua wetu akichoka hastaafu. Anapanda kivuko anarudi Sengerema au Ukerewe, na jina lake halibaki popote. Kwa hiyo anayetaka kuthibitisha dodoso hili achukue namba ya simu ya mhojiwa na ya ndugu yake mmoja, kwa ridhaa yao, na aweke kwenye bajeti nauli ya kivuko. Na mahojiano yasifanyiwe mezani kwa msimamizi wa zamu. Fomu niliyoletewa majuzi ilikuwa na sehemu ya sahihi ya msimamizi huyo chini kabisa. Hiyo tuifute leo kabla ya chai.