Tezi Dume Ikishapita Mililita 100: Dawa, Mpira au Upasuaji?

MWANAISHA: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu. Leo tunalijibu swali la msikilizaji wa Kisauni ambaye baba yake alizibwa mkojo usiku, akawekwa mpira wa kuutoa mkojo hospitalini, na picha ya ultrasaundi ikaonyesha kuwa tezi dume yake imefika mililita 140. Mwana mmoja anataka mzee apasuliwe upesi, mwengine anataka dawa zijaribiwe kwanza. Kaka Salim, wewe ni muuguzi wa wodi ya upasuaji; tuanzie wapi?

SALIM: Waaleikum salaam, dada Mwanaisha. Tuanzie kwenye hiyo 140, kwa kuwa tezi ya kijana ni mililita 20 hivi, na ikishapita 80 baadhi ya njia zinazosifiwa barazani hazifai tena. Hata hivyo ukubwa peke yake hautoshi kuamua, maana wako wazee wenye tezi kubwa wanaokojoa vizuri. Ninachokiogopa mimi ni figo. Mkojo usiotoka wote hulundikana kibofuni, figo huvimba bila maumivu, na mzee hudhani uchovu wake ni wa umri tu. Kwa hiyo kabla wanawe hawajaendelea kubishana, waulize kipimo cha kriatinini, kile cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kimesema nini na kibofu kilikuwa na mkojo kiasi gani siku ile alipowekwa mpira.

MWANAISHA: Na huyu anayetaka dawa, ana hoja?

SALIM: Anayo. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na nafuu yake huonekana ndani ya siku chache, ndiyo maana aliyezibwa mara ya kwanza hupewa kabla ya mpira kutolewa, ili ajaribu kukojoa mwenyewe. Finasteridi huipunguza tezi yenyewe, kwa kiasi cha robo, lakini huchukua miezi 6 au zaidi. Robo ya 140 ikiondoka, inabaki 105. Kwa mzee anayekojoa na ambaye figo zake ni nzima, hilo laweza kumtosha. Kwa aliyezibwa tena na tena, mwenye mawe kibofuni, anayetokwa na damu isiyokoma au ambaye figo zimeanza kudhoofika kwa sababu ya kuziba huko, sisiti kusema apasuliwe.

Tena finasteridi hushusha PSA, kipimo cha damu kinachosaidia kutafuta saratani ya tezi dume, kwa nusu hivi, na daktari asiyejua kwamba mzee anaitumia anaweza kuyaona majibu ni mazuri hali saratani imejificha. Vilevile anayetumia tamsulosini amweleze daktari wa macho kabla ya kutolewa mtoto wa jicho, kwa sababu dawa hiyo huilegeza mboni na kuutatiza upasuaji huo.

MWANAISHA: Wengi wanaujua upasuaji wa kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo, bila kupasuliwa tumbo. Kwa nini asifanyiwe huo?

SALIM: Kwa tezi ya wastani ni mzuri sana. Kwa tezi ya 140 kukwangua huchukua muda mrefu, damu hupotea nyingi, na ikiwa maji ya kuoshea si ya chumvi, yanaweza kuingia mwilini kwa wingi na kuvuruga kiwango cha chumvi katika damu. Tezi kubwa hutolewa nyama yote iliyoota ndani, ganda likaachwa, kama chungwa linavyomenywa. Njia moja ni upasuaji wa wazi, chini ya kitovu. Daktari Terence Millin alieleza namna yake mwaka 1945 na ungali unafanywa. Nyingine ni leza ya holmiamu, inayofanya kazi hiyo hiyo kupitia njia ya mkojo, hata tezi iwe kubwa namna gani, kwa damu kidogo na siku chache za kulazwa. Lakini leza hutaka mpasuaji aliyeizoea hasa, na mimi ningechagua mkono uliobobea katika upasuaji wa wazi kuliko mashine mpya kwa anayejifunza.

MWANAISHA: Familia itaona nini baada ya hapo?

SALIM: Wataona mifuko ya maji ya chumvi imetundikwa, maji yakiingia kibofuni kwa mpira na kurudi yana rangi. Rangi hiyo ndiyo tunayoikodolea macho usiku kucha: ikiwa ni ya waridi iliyopauka, tunatulia, ikikolea na kuleta mabonge, mpira unaweza kuziba, nasi huusafisha mara moja. Wajiandae kuchangia damu, na wahakikishe mapema kwamba SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, imeidhinisha malipo. Mkojo huweza kuvuja kwa wiki za mwanzo, ila kwa wengi hukoma. Manii nayo aghalabu hurudi kibofuni badala ya kutoka. Hilo aambiwe mzee mwenyewe, faraghani, kabla hajatia sahihi.

MWANAISHA: Na akiwa moyo wake hauhimili upasuaji?

SALIM: Kuna kuziba mishipa inayoilisha tezi damu, bila kulazwa usingizi, ingawa nafuu yake huja polepole. La sivyo atabaki na mpira, ubadilishwe kwa wakati, kwani wa silikoni haupaswi kupita wiki 12.

MWANAISHA: Nawajua wazee walioacha msikiti kwa ajili ya ule mfuko wa mkojo, na jambo hilo huniumiza. Madhehebu ya Shafi tunayoyafuata hapa Pwani yana nafasi ya mwenye udhuru, ambaye hutawadha kwa kila swala ya faradhi wakati wake ukishaingia. Wamuulize sheikh wao, wasijifungie nyumbani. Sasa, mzee akishapasuliwa, hofu ya saratani imekwisha?

SALIM: Haijaisha, kwa sababu lile ganda limebaki na linaweza kupata saratani. Nyama iliyotolewa ipelekwe maabara, wanawe wayafuatilie majibu mpaka wayapate, na mzee aendelee kupimwa PSA kama daktari atakavyompangia.