Vakesheni ya S.4 na S.6: kazi gani imfae mtoto, na gani aikimbie

(Mazungumzo na wazazi na vijana, Busia, Uganda)

Salaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo wote. Mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, asante kwa huu ukumbi, na mama zangu wa soko asanteni kwa kufunga vibanda saa hizi za biashara mkaja kusikiliza. Siweki utangulizi mrefu. Mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, umeisha na vakesheni, likizo ndefu, imeanza, watoto wako nyumbani, na kila mzazi hapa swali lake ni moja tu, huyu mtoto miezi hii yote atafanya nini, maana wa S.4, kidato cha nne, anakaa mpaka matokeo yatoke na S.5 ifunguliwe, hiyo ni kama miezi mitatu au zaidi, na wa S.6 ndo kabisa, anaweza kukaa mpaka Agosti vyuo vifunguliwe.

Nitasema neno langu mapema halafu nilieleze. Kazi ya kuogopa zaidi kwa mtoto wa shule ni ile inayomwekea pesa nzuri mkononi kila jioni. Najua mnaguna, karo iko juu, posho, yaani ugali, na maharage yenyewe ni shida, na wengine hapa mnalea mpaka wajukuu. Lakini sisi tuliliona hili kwa macho. Machi 2020 shule zilifungwa sababu ya corona, na zikaja kufunguliwa kwa watoto wote Januari 2022, karibu miaka miwili, hakuna nchi duniani ilifunga muda mrefu kama sisi. Watoto walienda wapi? Wengine waliingia kwenye mashimo ya dhahabu huko Tiira, wengine walikata miwa Busoga, wengine matofali, wengine hapa hapa mpakani wakabeba mizigo ya malori. Kengele ilipolia tena sisi walimu tukawa tunazunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta, na niwaambie ukweli, aliyekuwa anasaidia mama yake dukani alirudi darasani haraka, yule wa kulipwa kila jioni ndo alitusumbua, anakuangalia anakuuliza mwalimu hiyo shule itanipa shilingi ngapi leo. Utamjibu nini? Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa ameshazoea.

Kwa hiyo mimi mtoto akiniambia nimepata kazi, siulizi inalipa ngapi. Nauliza inaisha saa ngapi, na inaisha tarehe ngapi.

Sheria inasemaje, maana wengi hatujui. Sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inasema umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 16. Sheria ya ajira ya 2006 nayo inakataza mtoto kuajiriwa kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi, na inakataza kazi yoyote ya hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Sasa watoto wetu wengi wa S.4 wana 16 au 17, yaani kazi wanaruhusiwa lakini bado ni watoto kwa sheria, usiku hapana, hatari hapana. Bosi akikwambia mtoto wako ana miaka 17 ni mkubwa anaweza kulala kwenye stoo kulinda mali, huyo anavunja sheria, na wewe mzazi ukikubali mmeivunja wote wawili.

Sasa niseme za kukimbia kwanza.

Dhahabu. Wazazi wangu, hapa siongei polepole. Zile chembe za dhahabu zinakamatwa na zebaki, ile dawa inayong'aa kama fedha, watoto wanaichanganya na matope kwa mikono mitupu, halafu ile tonge inachomwa kwenye moto ili zebaki itoke kama moshi. Huo moshi hauna rangi ya kukutisha na ukiuvuta hausikii kitu siku hiyo, lakini unaingia kwenye ubongo na figo, mikono inaanza kutetemeka, kumbukumbu inapungua, na msichana akija kupata mimba zebaki inamfikia mpaka mtoto tumboni. Bado sijasema shimo kubomoka, na mvua za hapa mnazijua. Mtu anasema lakini mwanangu haingii shimoni, yeye anasafisha tu juu. Huyo wa kusafisha ndo anayeshika zebaki! Hakuna karo ya kulipwa na kazi hiyo.

Mizigo ya malori. Mfuko mmoja wa simenti ni kilo 50, gunia la mahindi linafika 100, na mgongo wa mtoto wa miaka 16 bado unakua. Halafu hapa kwetu kuna lingine, mnajua njia za panya, kijana anaambiwa vusha tu hiki kijikatoni utapata elfu kumi, yeye hajui ndani mna nini, akikamatwa mwenye katoni hayupo, yupo mtoto na kesi.

Boda. Hapa ndo nyumbani kwa boda, zilianza na baiskeli za kuvusha watu mpakani, kwa hiyo naelewa vijana mnavyozipenda. Lakini pamiti ya kuendesha ni miaka 18, na chini ya hapo ukipata ajali uko peke yako, bima haikutambui. Na hata ukiwa na 18, angalia hesabu yake, pikipiki ni ya mtu, kila wiki anataka pesa yake uwe umefanya kazi au umeumwa, Februari inafika bado unadaiwa, shule inafunguliwa wewe unasema ngoja nimalize deni hili la bosi. Hapo ndo S.5 inakupita.

Baa, loji, nyumba za kubeti, sitazikalia. Kubeti kwenyewe sheria yetu inataka mtu awe na miaka 25, sasa mtoto wa 17 anafanya nini mle ndani hata kama anafagia tu?

Na kibanda cha mobile mani. Wazazi wengi mnaona hiyo ni kazi safi, mtoto amekaa kivulini na simu. Shida ni kwamba pesa iliyo kwenye simu ni ya mtu mwingine, na matapeli wanajua siku ambayo amekaa mtoto. Inakuja meseji ya uongo, au mtu anapiga anajifanya ni wa kampuni, bonyeza hii bonyeza ile, float, ile pesa ya biashara kwenye simu, imeisha, na bosi anamwambia mtoto utafanya kazi bure miezi miwili mpaka ulipe. Kama kibanda ni chako mama mzazi na umekaa naye, sawa. Peke yake kwa mtu baki, hapana.

Kuna wale wanaokuja na gari nzuri wanatafuta wasichana wa kazi za nyumbani Kampala, au Nairobi, au Uarabuni. Binti wa S.4 akichukuliwa mbali na nyumbani, analala kwa bosi, simu yake iko kwa bosi, hiyo saa yake ya kutoka kazini ni ipi? Haina. Na yeyote anayekwambia toa kwanza pesa ya usajili ndo upate kazi, au tubadilishe umri kwenye karatasi upate paspoti, mlango uko pale. Kama mtoto tayari yuko kwenye nyumba anateswa kuna namba ya bure ya watoto, 116, piga, si lazima uwe ndugu yake.

Haya, tuje kwa zinazofaa. Ya kwanza ninayoipenda ni kuku, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu watu wengi wanaiharibu kwa kukosa kupanga tarehe.

Broila anakomaa kama wiki sita. Mtoto wa S.4 anatoka mtihani Novemba, ukinunua vifaranga mwisho wa mwezi huo wanakuwa tayari katikati ya Januari, na Januari nani ananunua kuku? Kila mtu ameshamaliza pesa Krismasi na iliyobaki anaificha kwa ajili ya karo, na wewe kuku wanaendelea kula, kila siku unayowakalia faida inapungua. Wa kuuza Krismasi lazima waingie bandani mwanzoni mwa Novemba, na wakati huo mtoto anaandika mtihani, kwa hiyo mama ndo aanze halafu mtoto awapokee akimaliza. Kama mmechelewa, na mwaka huu mmechelewa, basi nunueni kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka Pasaka, na mkubaliane kabisa nani atawauza mtoto akishaenda S.5. Anza na 50, usianze na 200. Wiki mbili tatu za mwanzo ni joto, chungu cha makaa usiku kucha, na tafadhali mtoto asilale chumba kimoja na hayo makaa, ile hewa yake inaua mtu usingizini. Chanjo za kideri na Gumboro zisirukwe, muulizeni daktari wa mifugo wa hapa tarehe zake. Chakula ndo kinachomeza pesa nyingi, kwa hiyo kila mfuko uandikwe kwenye kaunta buku, lile daftari kubwa, waliokufa waandikwe, waliouzwa waandikwe. Watoto hawa wa silabasi mpya, iliyoanza 2020 na S.4 wake wa kwanza wakafanya UNEB 2024, projekti wameshazoea shuleni, kuandika hivi si kitu kigeni kwao. Mimi naona mtoto aliyelea kuku 50 na kaunta buku yake amejifunza biashara zaidi ya yule aliyesimama miezi mitatu kwenye steji ya boda.

Asiye na pesa ya vifaranga, alime dodo, yaani mchicha. Mbegu yake ni bei ndogo, wiki tatu nne unaanza kung'oa unafunga mafungu, na Desemba mpaka Februari huku kwetu ni kiangazi, mboga zinapanda bei, mwenye kisima karibu au anayeishi karibu na bwawa ana nafasi nzuri sana. Kumwagilia asubuhi mapema na jioni, katikati mtoto yuko huru.

Saluni kwa mabinti wenye mikono myepesi, na siku hizi na vijana wa kinyozi. Desemba kazi ni nyingi. Ila mama, mkesha wa Krismasi saluni zinasuka mpaka usiku wa manane, kwa hiyo ongea na mwenye saluni mapema, binti yangu anatoka saa kumi na mbili, asipokubali tafuta nyingine. Fundi cherehani hivo hivo, hata kama mwezi wa kwanza atalipwa kidogo kwa kuwa anajifunza, mimi nakubali, mradi afundishwe kweli, asiwe wa kutumwa chai tu.

Duka la stationari, kuchapa, kuprinti, kulaminisha, ni nzuri, anajifunza kompyuta kwa karatasi za watu wengine mchana, na jioni anarudi nyumbani.

Na hii nyingine vijana wa Busia hamuioni kabisa. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, na walimu hawatoshi. Nyie mmekiongea tangu mnatambaa, hapa sokoni, na majirani wa ng'ambo. Una shangazi Iganga, una mjomba Mbale, watoto wao hawawezi hata kusalimia. Kaa nao kwenye veranda watoto wawili watatu, saa moja na nusu, salamu, hesabu, hadithi, kusoma kwa sauti. Sisemi mfungue darasa, wizara inakataza shule kufundisha likizo na iko sawa, watoto wadogo wapumzike. Nasema watoto wachache ambao wazazi wao wamekuomba. Na mzazi wa anayefundisha aijue hiyo nyumba kabla, aende mwenyewe aone.

Sasa malipo. Msitegemee serikali iwapangie, kima cha chini cha mshahara nchini hapa bado ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, Bunge lilipitisha muswada mpya 2019 na Rais hakuusaini. Kwa hiyo ni makubaliano tu, na makubaliano ya mdomo mtoto anashindwa siku zote kwa sababu bosi ni mkubwa na yeye ana heshima zake, hawezi kubishana. Mzazi nenda siku ya kwanza. Andikeni kwenye kaunta buku, kazi gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, anakula au hali hapo, analipwa ngapi na siku gani, bosi atie sahihi. Mimi napenda kila Jumamosi kuliko kila jioni, na kuliko mwisho wa mwezi, maana mwisho wa mwezi ndo pesa za watoto zinapotea. Bosi akikataa kulipa anza kwa LC, ikishindikana wilaya ina ofisa wa kazi.

Mzee mmoja ameniuliza nje pale, alipwe mtoto au nilipwe mimi. Alipwe mtoto, mkononi mwake, na wewe ujue ni ngapi. Ukizichukua zote wiki ya kwanza, wiki ya pili atakudanganya kiasi. Kaeni naye muandike orodha ya S.5, godoro, ndoo, vitabu, yunifomu, yeye achague anabeba lipi na wewe unabeba lipi, na kidogo kibaki chake anunue anachotaka bila kuulizwa.

Na kwenye hiyo kaunta buku ya bosi, juu kabisa, iandikwe tarehe ya mwisho ya kazi, wiki moja kabla shule kufunguliwa. Bosi akikataa kuiandika, mtoto asianze. Haya, mama pale nyuma umeinua mkono tangu nilipotaja kuku, uliza.