Sri Lanka: Kabla ya Treni ya Ella, Kuna Malambo ya Wafalme

KHERI: Karibuni tena wapendwa wasikilizaji. Mimi Kheri, niko na dada Salma, na leo tunavuka bahari hadi Sri Lanka. Maana siku hizi kila nikifungua simu namkuta mtu kaning'inia mlangoni mwa treni ya bluu, ile ya kwenda Ella, mji mdogo wa milimani, nyuma yake kijani kitupu.

SALMA: Na kofia ya ukili.

KHERI: Na kofia ya ukili! Ukimuuliza kule kuna nini kingine, anakwambia chai. Dada Salma, wewe umefika. Hebu tuambie.

SALMA: Nimefika, na sina ugomvi na treni, nimeipanda na nikafurahi. Ila wengi wanaanzia mwisho. Wafalme wa kisiwa kile walipanda milimani baadaye sana, tena kwa kukimbia. Kwa karibu miaka 1,500 mambo yote yalikuwa chini, kwenye nyanda kavu za kaskazini. Anuradhapura kwanza, kuanzia karne ya 4 kabla ya Kristo, halafu Polonnaruwa.

KHERI: Kavu? Mimi najua kisiwa kizima ni mvua.

SALMA: Hapa mtu wa pwani yetu anaelewa upesi. Wana kusi na kaskazi kama sisi, pepo zilezile. Kusi inapiga magharibi na milimani, inamwaga mvua yake yote huko. Ikishavuka milima haina kitu tena, nyanda za kaskazini zinaambulia upepo wa kukausha midomo. Wao mvua yao ni Oktoba hadi Januari hivi, basi. Sasa unalimaje mpunga? Unaulishaje mji wenye watawa wasioshika jembe? Kuna mtawa wa Kichina, Faxian, aliishi hapo miaka miwili mwanzoni mwa karne ya 5, akaandika kwamba nyumba moja tu ya watawa, Abhayagiri, ina watu 5,000.

KHERI: Hapo utachimba lambo, hakuna namna.

SALMA: Walichimba malambo ambayo ukisimama kwenye tuta unadhani ni ziwa la Mungu. Mfalme Dhatusena, karne hiyohiyo ya 5, alijenga moja linaitwa Kala Wewa, akatoa mfereji wa kilomita 87 hadi Anuradhapura. Sehemu ya mwanzo ya mfereji inashuka kama sentimita 10 tu kwa kila kilomita.

KHERI: Sentimita kumi kwa kilomita? Mafundi wetu wa mabomba wasikilize hapa.

SALMA: [anacheka] Na maji bado yanapita, Kheri. Wakulima wanamwagilia nayo mpaka leo. Ndani ya tuta walijenga kisima cha mawe cha mraba, kazi yake kupoza nguvu ya maji kabla hayajatoka, la sivyo yangelibomoa tuta. Mimi ukiniuliza fahari ya Anuradhapura ni ipi, nitakupeleka huko kabla ya hekalu lolote.

KHERI: Lakini watu wanakwenda kwa mahekalu.

SALMA: Wanakwenda kwa mti, kwanza kabisa. Dini ya Buddha iliingia kisiwani karne ya 3 kabla ya Kristo, ikiletwa na Mahinda, mtoto wa mfalme Ashoka wa Uhindi. Wanasimulia kwamba alimkuta mfalme Tissa anawinda paa kwenye kilima cha Mihintale. Badala ya kumhubiria, akamtega. Mti huu unaitwaje? Mwembe. Iko miembe mingine? Iko. Iko miti isiyokuwa miembe? Iko mingi. Haya, ukitoa miembe mingine yote, na miti yote isiyokuwa miembe, kunabaki mti gani?

KHERI: Ngoja... unabaki huuhuu tuliousimamia.

SALMA: Umepita. Mfalme naye alipita, na Mahinda akaona huyu anafundishika. Halafu akaja dada yake Mahinda, Sanghamitta, na tawi la ule mtini ambao Buddha alikaa chini yake akapata mwanga. Likapandwa Anuradhapura, na mti huo uko hai leo. Hakuna mti mwingine duniani uliopandwa na binadamu, kumbukumbu ya kupandwa kwake ikajulikana tangu zamani namna ile.

KHERI: Zaidi ya miaka elfu mbili! Unaonekanaje?

SALMA: Wewe ukitegemea mbuyu utavunjika moyo. Matawi yake membamba yameegemezwa kwa magongo ya chuma yaliyopakwa rangi ya dhahabu, na kuna uzio, hulifikii shina. Mimi nilikaa zaidi nikiwatazama watu. Wote wamevaa nyeupe. Langoni akina mama wanauza maua ya yungiyungi yakiwa bado yamefumba, na muuzaji anakukunjulia petali moja moja, anaikunja nyuma kwa kidole gumba mpaka ua zima linakaa wazi kama limechanua lenyewe. Unaliweka mezani mbele ya mti, unaondoka. Jioni wanayafagia yote.

KHERI: Na yale makuba meupe?

SALMA: Wanayaita dagoba. Ndani huingii, ni tofali tupu juu ya masalio matakatifu. Jeupe maarufu ni Ruwanwelisaya. Lakini nenda Jetavanaramaya, lile la tofali jekundu lisilopakwa chokaa. Lilipojengwa, zamani za mfalme Mahasena, karne ya 3 kuelekea ya 4, lilifika mita 122 kwenda juu. Wakati ule ni mapiramidi mawili tu ya Giza yaliyolizidi. Tofali wanakadiria milioni 93.

KHERI: Na hakuna anayelijua.

SALMA: Leo limebaki mita 71, lakini bado shingo itakuuma. Na miguu itakuungua! Kila eneo takatifu unavua viatu na kofia, na saa saba mchana lile jiwe ni kikaango. Wageni wajanja wanavaa soksi, hilo halikatazwi.

KHERI: Nimeandika: soksi. Sigiriya tuiruke? Kila mtu ameshaiona ile picha ya mwamba.

SALMA: Usiiruke, maana inatoka kwenye lambo lile lile. Dhatusena alikuwa na mtoto kwa mke mdogo, Kashyapa. Akampindua baba, akamwambia nionyeshe ulipoficha hazina. Mzee akasema nipelekeni Kala Wewa. Alipofika akaingia majini, akachota maji kwa viganja, akamwambia: hazina yangu yote ni hii.

KHERI: Duh! Mtoto akasemaje?

SALMA: Tarihi za watawa zinasema alimzibia ukutani akiwa hai. Halafu akamwogopa ndugu yake Moggallana aliyekimbilia Uhindi, ndiyo maana akajenga kasri juu ya mwamba wa karibu mita 200. Alitawala kuanzia 477 hadi 495. Ndugu akarudi na jeshi, Kashyapa akashuka kupigana, akaona askari wake wamemwacha, akajiua. Basi wewe unapanda ngazi kama 1,200, unapita katikati ya makucha ya simba aliyejengwa kwa tofali, kichwa chake kilishaanguka zamani. Lakini chini bustanini kuna chemchemi za kuruka alizotega yule mwuaji, na mvua ikinyesha vizuri zinaruka mpaka leo.

KHERI: Kumbe mtoto alirithi ufundi wa baba.

SALMA: Alirithi ufundi, akaacha adabu. Kuna pia ukuta uliosuguliwa ukang'aa, na wageni wa karne za baadaye wakaandika mashairi juu yake, mamia, mengi kuwasifu wale wanawake waliochorwa mwambani. Kwa hiyo kuandika "Juma alifika hapa" ni ugonjwa wa zamani.

KHERI: [anacheka] Bei ya kuingia nasikia inauma.

SALMA: Mgeni analipa mara nyingi kuliko mwenyeji, kama hifadhi zetu, tusilalamike sana. Mkoba ukiwa mwepesi panda Pidurangala, mwamba wa jirani, tiketi yake ni nafuu mno na Sigiriya yenyewe unaiona mbele yako. Na kule Sigiriya wakikwambia usipige kelele, nyamaza, kuna nyuki wakubwa wakali.

KHERI: Polonnaruwa je?

SALMA: Anuradhapura ilivunjwa na Wachola kutoka kusini mwa Uhindi. Walipofukuzwa mwaka 1070, Polonnaruwa ikabaki kuwa makao makuu. Mfalme wake mkubwa, Parakramabahu wa Kwanza, anakumbukwa kwa kauli kwamba hata tone moja la mvua lisiende baharini kabla halijamfaa binadamu. Lambo lake wanaliita bahari. Mji wenyewe ni wa kuzunguka kwa baiskeli, asubuhi, hauna mchosho kabisa. Utamaliza Gal Vihara, kwenye sanamu za Buddha zilizochongwa mwambani. Aliyelala ana mita 14. Sogea utazame mto alioulalia: jiwe limebonyea pale kichwa kilipo, kama mto wa pamba. Nyayo nazo hazijalingana, mmoja umerudi nyuma kidogo. Ndivyo mchongaji alivyosema kwamba huyu amefariki, hajasinzia.

KHERI: Hapo piga picha?

SALMA: Piga, lakini usiipe sanamu mgongo ukajipiga wewe. Wanakasirika kweli, na mlinzi atakufokea. Na mwenye mchoro wa Buddha kwenye ngozi aufunike, wapo wageni waliorudishwa kwao kwa ajili hiyo.

KHERI: Sasa twende milimani, dada, treni inanisubiri.

SALMA: Uvamizi wa karne ya 13 ukawafukuza, malambo yakakosa watu wa kuyatunza, na wafalme wakawa wanahama kusini na kupanda juu. Popote walipokwenda walibeba jino la Buddha. Wanasema liliingia kisiwani karne ya 4 limefichwa kwenye nywele za binti mfalme. Aliyekuwa na jino ndiye mwenye nchi. Mwisho likafika Kandy, katikati ya milima, na Kandy ikawashinda Wareno na Waholanzi. Waingereza waliipata 1815.

KHERI: Na jino unaliona?

SALMA: Huoni. Unaona sanduku la dhahabu, kwa sekunde chache, foleni inasukuma, ngoma zinalia. Ukitaka shamrashamra nenda Julai au Agosti kwenye Esala Perahera, usiku kumi wa tembo waliovishwa taa na wacheza ngoma. Kitanda cha hoteli ukitafute mapema.

KHERI: Halafu chai.

SALMA: Halafu Mwingereza na kahawa yake! Kabla ya chai ilikuwa kahawa. Ikaja kutu ya majani mwaka 1869, ikaimaliza. Bahati yao James Taylor alikuwa ameshapanda chai Loolecondera, karibu na Kandy, mwaka 1867. Na wachumaji waliletwa kutoka kusini mwa Uhindi, Watamil. Nchi ilipopata uhuru 1948 wengi wao wakanyimwa uraia. Suala lile limekuja kumalizwa kisheria 2003.

KHERI: 2003? Watu wamezaliwa hapo, wamezika wazee wao hapo.

SALMA: Na wanachuma ile chai unayonunua. Kwa hiyo ukifika shambani usimnyooshee mama kamera usoni kama kivutio. Anayejua Kericho au Mufindi hataona kigeni, mistari ni ileile, nyumba za kambi ni zilezile. Nuwara Eliya, mita 1,868, ina posta ya matofali mekundu na mbio za farasi mwezi wa nne. Mimi haikunikosha, ni Uingereza ya kuigiza. Usiku mmoja unatosha, tena chukua sweta.

KHERI: Ella?

SALMA: Ella ni pazuri, sikatai. Daraja la matao tisa, la 1921, ni mawe, matofali na saruji, halina chuma. Lakini uzuri wa treni uko kabla hujafika, pale Pattipola, karibu mita 1,900, ukungu unaingia dirishani. Chukua behewa la daraja la pili au la tatu, madirisha yanafunguka, wauza karanga na vitumbua vya dengu wanapita. Viti vya kuweka nafasi vinaisha mapema mno. Na mlangoni usining'inie, watu wamekufa.

KHERI: Na ule mlima wa unyayo?

SALMA: Sri Pada, mita 2,243. Juu kuna alama ya mguu. Wabuddha wanasema ni ya Buddha, Wahindu wanasema Shiva, Waislamu wengi wanasema ni nabii Adam. Ibn Battuta, huyuhuyu aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliupanda 1344. Kulikuwa na minyororo ya chuma ya kujishikia, kumi, na anasema wa mwisho uliitwa mnyororo wa shahada, kwa sababu ukifika pale ukatazama chini, unaitamka mwenyewe.

KHERI: Laa ilaha illa Llah!

SALMA: Umeona? Siku hizi kuna ngazi kama 5,500. Watu wanaanza saa nane usiku wakute jua juu, kuanzia Desemba hadi Mei. Kusi ikishaanza, ni mvua na upepo, achana nao.

KHERI: Basi mtu apange vipi? Ana likizo fupi.

SALMA: Januari mpaka Aprili milima iko safi, na miji ya kale inapitika. Kama anataka kuwaona mahujaji, aende Juni, mwezi mpevu wa Poson, Anuradhapura na Mihintale zinajaa nyeupe na chakula kinagawiwa bure barabarani. Mwezi mpevu wowote ni sikukuu kule, pombe haiuzwi. Aanzie kaskazini, apande taratibu, treni iwe ya mwisho.

KHERI: Na kula?

SALMA: Wali na michuzi, kwa mkono. Na wanakuna nazi kwa kibao chenye meno, wamekikalia, mbuzi kabisa. Wanaichanganya na pilipili na ndimu, haipikwi. Bibi yangu Tanga angewauliza kwa nini hamkamui tui.

KHERI: Wanakamua pia, nadhani.

SALMA: Wanakamua, kwenye dengu na samaki. Utakula hadi uombe msamaha.

KHERI: Wasikilizaji, mwenye swali la Sri Lanka atutumie sauti, fupi tafadhali, si hotuba. Wiki ijayo tuko Comoro.