Wiki tatu na Toyota GR86 ya manyuo: namna ya kulizoea gari la michezo katika milima ya Mbeya

Karibu, ndugu mtazamaji. Gari jekundu mnaloliona limeegeshwa nyuma yangu, hapa Forest jijini Mbeya, ni Toyota GR86 ya manyuo, yaani ya kubadilisha gia kwa mkono, yenye gia sita za kwenda mbele, na leo limetimiza wiki tatu tangu nilitoe bandarini Dar es Salaam. Wengi mmeniomba nieleze nimelionaje, na mimi nimeona ni heri niyaeleze hayo kwa hatua, kuanzia kufungua mlango hadi kulizima, kwa sababu wengi wetu katika nyanda hizi za juu tulijifunzia udereva kwenye pikapu na Hiace za manyuo, kisha tukahamia otomatiki na mguu wa kushoto ukasahau kazi yake. Gari hili limeurudisha mguu huo kazini, na limenifundisha jambo ambalo sikulitegemea: kwamba katika milima yetu, kijiti cha gia ni cha kushukia kuliko kilivyo cha kukimbilia.

Tuanze na kukaa. Paa la gari hili liko mita 1.31 tu kutoka ardhini, kwa hiyo usijaribu kuingia kama unavyoingia kwenye Prado. Tanguliza makalio, kisha ingiza miguu yote miwili kwa pamoja. Ukishakaa, kanyaga klachi hadi iguse sakafu, ndipo usogeze kiti mpaka goti la kushoto libaki limekunjika kidogo wakati klachi iko chini kabisa. Siku ya kwanza nilikaa nyuma mno kwa sababu nilipenda kunyoosha miguu, klachi ikawa haifiki mwisho, na gia ya kwanza ikawa inaingia kwa kukwaruza. Nikadhani giaboksi ina kasoro, kumbe kasoro ilikuwa ya kiti. Baada ya kiti, nyoosha mikono juu ya usukani: viganja vya mikono vipite kidogo ukingo wa juu bila mgongo kuachana na kiti.

Sasa naomba kamera isogee kwenye kijiti cha gia. Chini ya kitasa, mahali vidole vinapofikia bila kutafuta, kuna pete ndogo. Pete hiyo ndiyo mlinzi wa gia ya nyuma, ambayo iko kushoto kabisa na juu, jirani na gia ya kwanza. Ili kurudi nyuma, vuta pete kuelekea juu kwa vidole viwili, sukuma kijiti kushoto, kisha mbele. Bila kuvuta pete, kijiti hakiendi huko hata ukikisukuma kwa nguvu, na hiyo ni rehema kubwa unapokuwa kwenye foleni ya Mwanjelwa huku bajaji zimekuzunguka pande zote. Fanya zoezi hili injini ikiwa imezimwa, klachi chini, mara kumi au kumi na tano, macho yakiwa barabarani wala si kwenye kijiti.

Tukiwasha, yapo mambo ya baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam hatayajua. Mwezi Juni na Julai, saa kumi na mbili asubuhi, oili ya giaboksi huku kwetu huwa nzito, na gia ya pili inakuwa ngumu kuingia kwa dakika kadhaa za mwanzo. Tabia hiyo ni ya kawaida kwa giaboksi hii, na wala haihitaji fundi. Usiilazimishe. Ikigoma, tulia kidogo kwenye fri, yaani kijiti kikiwa hakiko kwenye gia yoyote, kisha isukume polepole kwa kidole gumba na vidole viwili, si kwa ngumi. Utasikia inasita, halafu inadondoka mahali pake kwa mlio mdogo wa chuma kilichokutana na chuma. Vilevile tazama dashibodi, kwani gari hili linakuonyesha joto la maji na la oili ya injini. Maji hupata moto mapema, lakini oili huchelewa, na oili ndiyo inayobeba uzito wa kazi. Mimi sizidishi mizunguko 3,000 kwa dakika kabla oili haijafika nyuzi 80, hata kama nimechelewa kazini.

Hatua inayofuata ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi kabla ya kulinunua, nayo ni kuondoka mlimani. Hapa tumesimama kwenye mwinuko wa barabara inayopanda kuelekea Kawetire, na nyuma yetu kuna bodaboda. Vuta breki ya mkono. Gari hili bado lina ile ya kuvuta, si ya kitufe, na nashukuru kwa hilo. Kanyaga klachi, ingiza ya kwanza, kanyaga mafuta hadi mshale ufike kwenye 1,500 hivi, kisha inua klachi taratibu mpaka usikie pua ya gari inanyanyuka kidogo na sauti ya injini inashuka. Hapo ndipo klachi inaposhika. Simamisha mguu hapo hapo kwa nukta moja, teremsha breki ya mkono, halafu malizia kuinua klachi. Gari lina msaada wake wa kushikilia breki kwa muda mfupi unapotoa mguu, lakini nakushauri ujifunze kwa breki ya mkono kwanza, kwa sababu ukipajua mahali klachi inaposhika, msaada huo hautakushtua unapoachia.

Nisimame kidogo hapa kwenye nguvu za injini, kwa maana ndipo penye mambo mengi. Injini yake ni ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande, yenye ujazo wa lita 2.4, iliyoundwa na Subaru, na gari lenyewe huunganishwa katika kiwanda cha Subaru mkoani Gunma, Japani. Kulala kwa silinda kunaushusha uzito karibu na ardhi, na unausikia ukweli huo katika kila kona. Kwenye makaratasi ina nguvu za farasi 235 kwenye mizunguko 7,000, na msukumo wake wa juu, yaani nguvu ya kuzungusha, nyutonimita (Nm) 250, unapatikana mapema kwenye 3,700. Lakini injini hii haina tabo, ile feni ya kuishindilia injini hewa. Inavuta hewa kwa pumzi zake yenyewe. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu hapa ina mgandamizo wa kama asilimia 81 ya ule wa pwani, kwa hiyo injini inapata hewa pungufu na kuchoma petroli pungufu. Kwa hesabu ya kawaida, zile farasi 235 zinabaki kama 190, na ukipanda barabara ya Chunya inayopita mita 2,000, zinapungua zaidi.

Sikuamini hesabu hiyo mpaka niliposhuka Kyela Jumamosi ya pili. Tulipita Tukuyu kwenye ukungu, migomba na chai kushoto na kulia, na kadiri tulivyoteremka gari lilizidi kuchangamka, mpaka kule chini karibu na Ziwa Nyasa, kiasi cha mita 500 tu, gia ya tatu ilikuwa inavuta mahali ambapo Uyole ningehitaji ya pili. Gari lile lile, petroli ile ile, dereva yule yule. Kwa hiyo somo la hatua hii ni kwamba unapopanda huku kwetu, usilisubiri gari kwenye mizunguko 2,000 ukidhani litajisukuma. Shusha gia moja, liache liimbe kati ya 3,500 na 4,500, na litapanda bila kulalamika. Wanaosema gari hili ni zito mlimani wengi wao wanaliendesha kama dizeli.

Kushuka ndiko kunakostahili umakini wako wote. Kila mmoja wetu anayeishi hapa anajua mteremko wa Iwambi na ule wa Mlima Nyoka, na anajua malori yanayokwenda na kutoka Tunduma yanavyonuka breki yakifika chini. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto, moto huo hufika kwenye mafuta ya breki, na mafuta yakichemka hutoa mapovu ya mvuke ambayo yanabonyea, ndipo pedali inapokuwa laini na kuzama bila gari kupunguza mwendo. Gari la kilo 1,270 hivi halifiki huko upesi kama lori, lakini kanuni ni ile ile niliyofundishwa na mzee mmoja aliyeendesha malori ya Zambia kwa miaka mingi: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Mimi huingia Iwambi nikiwa gia ya tatu, mguu umetoka kwenye mafuta, na injini yenyewe inalishikilia gari. Breki ninaigusa kwa vipindi, kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha naiachia ipoe.

Hapa naomba nilisahihishe jambo moja ambalo limeenea sana mitaani. Kushuka kwa fri hakuokoi mafuta. Katika injini za kisasa, ukitoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa kwenye gia, kompyuta hukata petroli, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, injini inalazimika kuchoma petroli ili isizime. Kwa hiyo anayeshuka kwa fri anapoteza mafuta na anapoteza breki ya injini kwa wakati mmoja.

Kushusha gia kwa ulaini kunahitaji zoezi. Ukitoka ya nne kwenda ya tatu, injini inapaswa kuzunguka kasi zaidi kwa mwendo ule ule, na ukiachia klachi bila kuiandaa, magurudumu ya nyuma yanavutwa ghafla. Kwenye lami kavu utatikisika tu. Kwenye lami iliyolowa, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma linaweza kutelezesha mkia. Fanya hivi: klachi chini, kijiti kipite fri kuelekea ya tatu, na wakati huo huo gusa mafuta mara moja, kwa mguso mfupi kama wa mtu anayebisha hodi, mizunguko ipande kama elfu moja, kisha achia klachi. Ukipatia, hutasikia kitu chochote isipokuwa sauti kubadilika. Mimi ilinichukua siku tisa kupatia mara tatu mfululizo, na siku hiyo nilisimama kando ya barabara pale Iyunga kwa furaha.

Mvua yetu inaanza Novemba na kuendelea hadi Mei, hivyo sehemu kubwa ya mwaka lami inalowa. Gari lina mfumo wa kuzuia kuteleza. Uache ukiwa umewashwa, na usimsikilize anayekuambia uuzime ili ulifaidi gari. Kwenye miteremko ya malori jihadhari na dizeli iliyomwagika, hasa mvua za mwanzo zinapoiinua juu ya lami ikawa kama upinde wa mvua.

Kuhusu matuta, nitasema kwa ufupi: tumbo liko kama sentimita 13 kutoka ardhini, kwa hiyo kila tuta linapandwa kwa mshazari, tairi moja baada ya jingine, na barabara ya vumbi inayokwenda nyumbani kwangu nimelazimika kuijazia moramu kwa mita thelathini. Langu lilikuja bila tairi la akiba, kwa hiyo nabeba pampu ndogo na vifaa vya kuziba pancha. Oili ya injini ni 0W-20, na mgandamizo wa injini ni 12.5 kwa 1, ambao unadai petroli ya oktani ya juu. Chagua kituo kimoja kinachouza sana na usikihame ovyo.

Na kwa yeyote atakayelinunua likiwa jipya kama hili, zile kilomita 1,600 za mwanzo nilijiwekea mpaka wa mizunguko 4,000, bila kukanyaga mafuta hadi mwisho na bila kukaa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Safari ya kutoka Dar es Salaam ilinisaidia, kwa sababu kona za Kitonga, vijiji vyenye vibao vya 50 na tambarare za Makambako vilinilazimisha kubadilisha gia mchana kutwa. Nililala Iringa, na asubuhi nilipoliwasha kwenye baridi ile, ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na ile gia ya pili ngumu.

Hatua ya mwisho ni kuegesha. Tumerudi Forest, na uwanja wangu una mteremko. Kanyaga breki, vuta breki ya mkono, kisha achia breki ya mguu polepole ili uzito ukae juu ya breki ya mkono wakati gari liko fri. Likitulia, kanyaga klachi na uingize gia ya kwanza kama pua inaangalia juu, au ya nyuma kama pua inaangalia chini. Geuza magurudumu ya mbele kuelekea ukingoni. Ndipo uzime injini na uachie klachi. Lile jiwe mnaloliona nyuma ya tairi la kulia nimeliokota Kiwira, nalo linakaa kwenye buti pamoja na pampu.